Jibu la Kumridhisha Mgeni

Msusi alikuwa ananisuka, nami nimekaa mkekani, kichwa kati ya magoti yake, alipovuta ghafla beseni la kuoshea vitana akatapikia humo.

"Samahani, bibi," akasema akijifuta mdomo. "Ni dawa."

"Ni dawa," nikaitikia.

Ni mke wa mjukuu wangu, na kwa utani wetu ni mke mwenzangu. Ana uvimbe kwenye ubongo. Ulianza kwa mkono wa kulia kuachia nywele katikati ya msuko, kisha siku moja akaanguka saluni, mwili mzima unatetemeka. Wateja wake bado wanakuja. Mistari inakwenda upande, nao wanajitazama kwenye kioo na kusema, "Umenipendezesha, dada." Mungu awabariki wale wanawake.

Hospitali walimpasua wakatoa walichoweza, na kilichobaki wanapambana nacho kwa vidonge. Ni vidonge vikali. Anameza siku chache, anapumzika, anaanza tena.

"Mke mwenzangu," nikamwambia, "mwezi huu siku zako umeziona?"

Vidole vikasimama kichwani mwangu. Kisha tone likaniangukia shingoni, na halikuwa mafuta ya nywele.

Mambo haya yalianzia kwa mgeni. Kabla Msusi hajaugua, alikuja binti mmoja wa utafiti, anapita nyumba hadi nyumba kuuliza watu wanaonaje uzazi wa mpango. Nyumba yetu nayo ina tabia yake: mgeni haondoki amenuna. Akiuliza jambo, anapewa jibu litakalomfurahisha. Ndivyo tulivyolelewa. Mjukuu wangu, ambaye ni fundi wa friji, akavuta kiti karibu.

"Uzazi wa mpango? Naunga mkono mia kwa mia! Hata hapa kwangu tunatumia. Sindano."

Binti akafurahi, akabonyeza simu yake, akaenda zake. Mjukuu akacheka. "Mtoto wa watu katembea juani kutwa, nimnyime raha?"

Tukacheka wote. Ukweli ni kwamba habari hizo hataki hata kuzisikia. Wameoana muda mrefu bila mtoto, na ameshika kwamba sindano zinafunga kizazi.

Basi siku ya kuanza vidonge, muuguzi akawaeleza kwamba dawa ile inaharibu mimba, hivyo lazima mama azuie. Akampima Msusi, akakuta hana mimba. Akauliza, "Mnatumia njia gani?" Msusi akamtazama mumewe. Mumewe akatabasamu kama vile muuguzi naye kaja kututembelea sebuleni.

"Sindano, sista. Tangu zamani."

Msusi angemuumbua vipi mume wake mbele ya watu? Akanyamaza, wakapewa vidonge. Yote haya alinieleza mkekani, huku analia. Kama ana mimba, mtoto ameshaguswa na dawa. Na huenda dawa ikasimamishwa, wakati uvimbe haumngoji mtu.

Nikajifunga kitambaa juu ya kichwa kilichosukwa nusu, nikaenda karakana. Mjukuu alikuwa amechuchumaa nyuma ya friji iliyofunguliwa mgongo.

"Mume wangu, acha hiyo kazi kidogo."

"Bibi! Umekuja kunifumania na friji?"

"Mke mwenzangu amechelewa siku zake."

Uso ukamng'aa. Akainuka na mikono yake ya grisi, anataka kunikumbatia. "Kweli, bibi? Kweli?" Halafu akaona sicheki. Mikono ikashuka taratibu.

"Dawa," akasema.

"Ndiyo, dawa."

Akakaa juu ya kreti. "Nikisema nilidanganya, watamwondoa kwenye matibabu."

"Na usiposema?"

Akachezea bisibisi. "Nisemee wewe, bibi. Wewe mzee, hawatakukaripia."

"Sindano sikuitaja mimi, baba. Nawa mikono twende."

Tukampitia Msusi, tukaenda hospitali. Muuguzi alikuwa yule yule. Kabla ya salamu aliniletea kiti chake mwenyewe, akabaki ameegemea meza. Mjukuu alisimama katikati ya chumba.

"Sista, ile sindano niliyokwambia ni uongo. Hajawahi kuchomwa. Mimi ndiye ninayekataa. Yeye usimgombeze."

Nikangojea kelele. Muuguzi akaenda kufunga mlango, watu waliokaa kwenye benchi wasisikie, kisha akampa Msusi kikopo cha kupimia mkojo.

Tulisubiri majibu. Mjukuu alikuwa akisugua grisi iliyobaki kwenye kucha, kucha ile ile moja.

"Hakuna mimba," muuguzi akasema. "Ugonjwa wenyewe unachelewesha siku, na dawa pia. Nitamwambia daktari yote haya, na mtarudi tupime tena. Ila siku nyingine mkinidanganya mtaniulia mtu."

Nikashusha pumzi. Nilipomtazama mjukuu, machozi yalikuwa yanamtoka, na hayakuwa ya furaha. Alikuwa anaona aibu kulia, naye hawezi kuacha. Msusi akanyoosha mkono wa kushoto, ule ulio mzima, akamvuta sikio.

"Na mimi nilikuwa nimeshampa jina," akamwambia.

Muuguzi alijifanya anatafuta kitu kwenye droo. Alitafuta muda mrefu.

"Akimaliza dawa, atazaa?" mjukuu akauliza.

"Sijui, kaka yangu. Wapo wanaozaa, wapo wasiozaa. Nikikuahidi nitakuwa nakufurahisha tu." Akamgeukia Msusi. "Nakuuliza wewe sasa, mama. Unatumia njia gani?"

Mjukuu akafungua kinywa, akakifunga.

"Situmii," Msusi akasema. "Nataka kuanza. Nataka kuishi kwanza, hayo mengine yatanikuta nikiwa hai."

Muuguzi akatoka kwenda kumwuliza daktari, akarudi na sindano. Kifungo cha mkono wa gauni kilimshinda Msusi. Vidole vya kulia vilikigusa vikateleza, vikarudi, vikateleza tena. Nikataka kuinuka nimsaidie. Mjukuu alishapiga magoti mbele yake. Akakifungua kile kifungo, akaukunja mkono wa gauni polepole hadi begani, akaushikilia hapo. Uso ameugeuzia ukutani, lakini mkono hakuuachia mpaka sindano ilipotoka.