Sehemu ya Arobaini na Moja

Saluni ya Claudette, pale Mbugangari, mtaa ulio jirani na mpaka wa Goma, ina viti vinne, na ikifika mchana anayechelewa hukalia dumu la maji. Si kwamba wanawake wa mtaa ule wana nywele nyingi kuliko wa mitaa mingine. Wanakuja kumsikiliza Védaste akiwaeleza filamu ya Kituruki. Kituruki chenyewe Védaste hakijui hata salamu. Husoma maandishi ya Kifaransa yanayopita chini ya picha, kisha huyamwaga kwa Kiswahili cha mpakani, akiongeza pilipili pale anapoona mtunzi alilala. Kwa kazi hiyo hulipwa soda na sifa, na sifa ndizo humshibisha.

Jumatano ile alikuwa amepewa neno jingine la kufikisha. Saa tatu asubuhi Hamdani alimpigia simu kutoka Goma. Igor amekufa alfajiri, homa ya siku mbili tu. Igor alikuwa mtoto pekee wa Verediane, muuza karoti. Miaka mitatu nyuma alivuka mpaka akamwoa dada yake Hamdani, akasilimu, akaitwa Idrisa. Mama yake alienda kwenye nikahi, akala pilau, akaendelea kumwita Igor.

“Mama haambiwi habari kama hii kwa simu,” Hamdani alisema. “We ni rafiki yake, na Mungu alikupa mudomo. Umwambie polepole, umulete. Tunazika baada ya sala ya adhuhuri.”

Védaste aliisikia hiyo adhuhuri kama watu wa parokiani wanavyosikia saa ya harusi: ukifika saa nane, umewahi. Kwao maiti husubiri. Babu yake alisubiri siku nne, shangazi mmoja atoke Kigali na mwingine Kampala. Nani amfukie mtu na mama yake hajafika? Basi alijipa muda, kama mtu anayejikopesha mwenyewe. Saa nne alimkuta Verediane sokoni, akamtania, akaondoka. Saa tano alirudi, akamtania tena. Saa sita kasoro alimbebea mzigo hadi saluni, njia nzima akijiambia: nikifika kwenye kona ile. Kona zikaisha.

Tena, alijiambia, leo ni sehemu ya arobaini na moja. Alikwisha kuitazama. Daktari anatoka chumbani na kumwambia mama wa kwenye filamu kwamba mwanawe hayupo tena. Ataieleza ilivyo, wanawake watalia kidogo, na mlango utakuwa umefunguka. Yeye ataingia taratibu.

“Huyu bwana ni bure kabisa,” alisema Claudette, macho kwenye televisheni, kitana mdomoni, mikono kwenye kichwa cha Pulchérie, karani wa ofisini aliyekuja kusukwa. “Nyumba iko na vyumba kumi na mbili, na hatujamuona hata siku moja akienda kazini.”

“Na bibi yake analala na rangi ya midomo,” Pulchérie akadakia. “Mi nikilala vile, bwana yangu ataita pasta aniombee.”

Verediane alikuwa amejiegemeza ukutani, miguu kaitandaza. “Yenye inanishangaza mimi ni chakula. Wanaketi mezani, nyama iko, mukate iko, mara mutu anakasirika, anasimama, anatoka. Sehemu arobaini, hakuna mutu amemaliza sahani! Kwangu unakula kwanza, kisha unakasirika.”

Saluni nzima ikaangua kicheko, naye Verediane akacheka kuliko wote, mkono ukifunika pengo la jino. Védaste alimtazama. Akasema moyoni: mwache amalize hiki kimoja.

Daktari akatoka chumbani. Mama wa kwenye filamu akasimama. Maandishi yakapita, mafupi, ya wazi.

“Daktari anasema…” Védaste alikohoa. “Anasema mutoto ameamka. Ameomba chai.”

Mwanamke wa kwenye filamu akaanguka sakafuni, akijigaragaza.

“Sasa mbona anajiangusha?” akauliza Claudette.

“Furaha, mama. Waturuki wakifurahi sana wanalala chini.”

Wakacheka. Pulchérie hakucheka. “Ariko Védaste, lakini na mi nilisoma! Pale chini wameandika mutoto amekufa. Unatudanganya kwa nini?”

Védaste aliuinamia mzigo wa karoti, akaanza kukaza kamba iliyokwisha kukazwa. Kwa miaka miwili hakuna aliyewahi kumwona akiiacha filamu katikati; hata siku umeme ulipokatika aliendelea kuieleza gizani. Claudette alikitoa kitana mdomoni, akapunguza sauti ya televisheni.

Verediane alikuwa haangalii filamu tena.

“We unapendaka kuua watu,” alisema. “Mutu akikohoa kwa filamu, unamuzika. Leo amekufa kweli, unamupa chai. Na tangu asubuhi unanizunguka, umenibebea mzigo. Védaste. Ni nani?”

“Ni Igor, mama.”

“Mgonjwa?”

“Hapana.”

Hakuanguka. Alikunja miguu, akayashika magoti. “Lini?”

“Alfajiri.”

“Na we ulijua lini?”

“Saa tatu.” Kisha maneno yakamtoka kwa haraka. “Lakini wanatungoja, mama. Walisema baada ya sala ya adhuhuri, ila we ndiye mama, hawawezi…”

“Walipozika baba yao akina Hamdani mi nilikuwa kule. Mutoto wake wa kwanza alikuwa njiani, anatoka Bukavu. Hawakumungoja. Si ubaya. Hawangojaka mutu.” Akaangalia saa ya ukutani. Saa saba na robo. “Piga.”

Védaste akapiga, akaiweka simu kwenye spika. Hamdani alijibu kwa sauti ya chini, nyuma yake watu wengi wakisoma dua.

“Mulikuwa wapi? Tumetoka makaburini sasa hivi.”

Verediane akaichukua simu. “Hamdani, mwanangu. Nani aliingia naye ndani?”

“Mi na mudogo wangu, mama.”

“Mulimulaza aje?”

“Ubavu wa kuume. Muzuri, mama.”

“Haya.”

Alirudisha simu, akafunga kitenge, akatafuta viatu vyake nyuma ya dumu. Pulchérie, nusu kasukwa, alikuwa analia kwa sauti. Védaste akafungua kinywa.

“Hapana,” Verediane akasema. “Utanisindikiza. Lakini usiseme kitu.”

Wakatembea hadi mpakani, yeye mbele, Védaste nyuma. Askari alipouliza wanaenda kufanya nini Goma, Védaste alitazama chini, na Verediane akajibu mwenyewe.

“Kuona mahali mutoto wangu iko.”