Hao Mancang Arudi Kazini

Bai Qiaoyun alikuwa akimenya viazi, jioni ya siku ya arobaini na moja ya kupotea kwa mumewe, mume huyo aliporudi nyumbani. Hao Mancang aliusukuma mlango kwa bega kama alivyozoea, akavua viatu, akapanda kitanda cha matofali, kile kinachopashwa joto kwa makaa chini yake, na kukaa upande wake. Nguo zilikuwa zimeungua. Ngozi yake ilikuwa nyeusi tii, yenye nyufa nyembamba zilizong'aa wekundu kila alipovuta pumzi.

"Umechelewa," Qiaoyun alisema.

"Makaa yalikwama. Wakaniingiza ghalani niyasukume kwa koleo, yakaniporomokea. Nikapiga kelele wauzime mkanda unaopeleka makaa tanurini, wakakataa. Viwanda vya chuma kule bondeni vilikuwa vinasubiri umeme."

"Uliumia sana?"

"Mpaka tanurini. Baada ya hapo, hapana."

Akamtilia uji wa ulezi. Ukakauka bakulini kabla haujamfika mdomoni, wakaachana nao.

Kijiji chao kilikaa chini kabisa ya mabomba ya moshi ya kituo cha umeme, na majira hayo ya baridi kilikuwa kimepigwa marufuku kuchoma makaa, ili hewa ya mkoa iwe safi. Mancang alipojinyoosha, kitanda kikapata joto kwa mara ya kwanza tangu vuli. Kesho yake bibi kizee Shi, jirani yao, akaja na mto kwapani.

"Mancang mwanangu, nisogelee kidogo, magoti yananiua. Ila usiniunguzie suruali, ninayo hii moja tu."

"Sogea wewe, mama. Nikisogea mimi, pazia litawaka."

Qiaoyun alishukuru kwa joto hilo, lakini alichotaka hasa ni cheti cha kifo. Kituo kilikuwa kimeandika kwamba Mancang ametoroka kazini, na watu wakaongezea kwamba ametoroka na mwanamke wa duka la tambi. Binti yao Xiulan, aliyekuwa chuoni mjini, aliyasikia hayo, akawa halitaji tena jina la baba yake.

Basi Jumatatu Qiaoyun akampeleka mumewe ofisini kituoni. Bwana Duan wa utumishi alisogeza karatasi zake mbali, akamwomba Mancang asimame karibu na dirisha.

"Haya, shemeji, nikusaidie nini?"

"Andika kwamba amefia humu. Muulize mwenyewe."

Duan akamuuliza. Mancang akataja saa, namba ya ghala, na msimamizi aliyekataa kuuzima mkanda. Duan alimsikiliza mpaka mwisho, akitikisa kichwa kwa huruma, kisha akafungua jalada.

"Huyu ndiye Hao Mancang?"

"Ndiye."

"Una hakika?"

"Nimelala naye miaka ishirini na sita, bwana."

"Basi hajafa. Nitaandikaje amekufa mtu aliyesimama mbele yangu? Tena kama yupo, amekosa kazi wiki sita bila ruhusa. Nitamtetea asifukuzwe. Aripoti kesho, zamu ya asubuhi."

Qiaoyun akamgeukia mumewe. "Sema neno, Baba Xiulan."

Mancang alikuwa ametazama chini. Maisha yake yote alikuwa mtu wa kuitikia wakubwa, na moto haukuwa umembadilisha tabia.

"Saa ngapi?" aliuliza.

Wiki ya kwanza alirudi kila jioni. Halafu wakubwa wakagundua kwamba hali chakula, hachoki, na ghalani hahitaji taa. Wakampa zamu ya pili, kisha ya tatu. Makaa yalipokwama hawakuhangaika tena kumtafuta mtu wa kuingia. Nyumbani akawa haji.

Xiulan akapiga simu.

"Nasikia baba amerudi kazini."

"Amerudi. Baba yako aliungua, mwanangu. Walimwacha aungue."



"Mama, mtu aliyeungua haendi kazini. Alikuwa kwa yule mwanamke, wamegombana, amerudi. Acha kumfichia."

Qiaoyun akasema sawa, akamuuliza kama anakula vizuri huko chuoni. Simu ilipokatika alivaa koti la mumewe juu ya lake, akapanda kitandani, akalala upande wa ukutani, akimwachia nafasi.