Kaktasi ya Zachary

"Mama Buya, hicho kijiti chako cha miiba kinatokwa machozi. Umekifanya nini?"

Aliyeniuliza ni jirani yangu Hawo, mama Bishara, amesimama mlangoni kwangu hapa Garsen na mtungi wa maziwa mkononi. Ndiyo kwanza nilikuwa nimemaliza kusali. Nikageuka kutazama dirishani, na kweli, kaktasi ya marehemu mume wangu ilikuwa imelainika chini, imekuwa kahawia kama ndizi iliyooza, maji yanachuruzika.

Zachary aliinunua Malindi, mara ya mwisho kutoka hospitali akitembea kwa miguu yake. Ilikuwa haizidi kiganja. Aliipakata ndani ya basi, ikamchoma njia nzima, akashuka anacheka. Akaniambia, "Lois, huyu hatakusumbua. Anataka jua tu." Sasa ina miaka sita, imesimama kama nguzo, imenifika kiunoni. Ndicho kitu chake pekee kilichobaki hai ndani ya nyumba.

"Sijaifanya kitu," nikamwambia Hawo. "Naipa maji asubuhi na jioni, sijakosa hata siku moja. Na juzi nimeibadilishia udongo, nimeletewa ule mweusi wa mafuriko kutoka kwetu Kilelengwani."

Hawo akacheka mpaka akakaa chini. "Nyinyi Wapokomo mnadhani kila kitu ni mpunga."

"Na nyinyi Waorma mnadhani kila kitu ni ng'ombe. Utanicheka ama utanisaidia?"

Nilitania, lakini macho sikuyatoa pale palipooza. Kwetu mto ukipanda ukaingia shambani tunamshukuru Mungu, usipopanda ndiyo njaa. Sikuwa nimewahi kuona mmea unaokufa kwa kushiba.

"Kidonda hakiponi kikiwa na maji," Hawo akasema. "Lete kisu na jivu."

"Unataka kuikata?"

"Nikate, ama ioze yote uzike?"

Nikalitaja jina la Bwana, nikaishika kwa kanga niliyoikunja mara nne. Hawo akapitisha kisu motoni, akakata. Ndani palikuwa bado na uzi wa kahawia. Akakichoma kisu tena, akakata juu zaidi, mpaka nyama ikatoka nyeupe, safi. Katikati napo palikuwa na doa, akalitoa. Tukabaki na vipande viwili: kilele, urefu wa mkono, na kipande kifupi cha katikati kisicho na kichwa. Hicho akakitia alama ya mkaa upande wa juu, tusije tukakipanda miguu juu. Akapaka jivu kila palipokatwa, akavilaza kivulini.

"Wiki mbili, Mama Buya. Kidonda kikauke kabisa. Halafu mchanga wa mtoni na kokoto, udongo kidogo tu, kwenye kopo lenye matundu. Na maji hakuna mpaka niseme mimi."

Huo mfungo ulikuwa mgumu kuliko Kwaresima zote. Mkono ulikuwa unatafuta kikombe wenyewe. Nikawa natoka nje namwagilia sukuma wiki mara mbili, zikastawi mpaka majirani wakauliza nimetia mbolea gani. Hata tulipokwisha kupanda, Hawo alipita kila siku, anachomeka kidole mchangani, ananitazama usoni kama mwalimu. "Leo hujaiba," anasema.

Mwezi wa pili tangu tupande, akakivuta kilele polepole. Hakikung'oka. Akavuta kile kifupi, nacho kimeshika. "Wape maji sasa, kidogo. Wakikauka kabisa ndiyo uwape tena." Siku hiyo niliimba jikoni mpaka chai ikamwagika.

Furaha ilipotulia ikanijia shida. Haki Hawo apate kimoja. Na sisi kanisani malimbuko hatutoi kilicho kibaya. Mrefu ndio mzuri, na mrefu ndio wa Zachary, ile ncha yake ndiyo aliyoishika yeye kwenye basi. Wiki nzima niliomba nipewe moyo wa kutoa, nikapewa nusu. Mwezi wa tatu nikayaweka makopo yote mawili mezani, nikamwita.

"Chagua, mama Bishara. Unaotaka."

Nimemwona akichagua mtamba wa ng'ombe sokoni, haondoki na mnyonge. Akauzunguka ule mrefu, akaupima kwa macho, mimi nimeshika ukingo wa meza. Akachutama mbele ya ule mfupi, akapitisha kidole kwenye mbavu zake. Palikuwa na vitone vitatu vya kijani karibu na juu, mimi nilidhani ni vumbi.

"Huyu ana mimba," akasema. "Watatu. Wako ni dume tu, la kusimama dirishani likatazamwa. Baki naye."

Nikauachia ukingo wa meza. Akaliinua kopo, akalifunika kwa ncha ya mtandio wake jua lisilichome, akavaa ndara, akatoka.