Chaneli ya Nyuma Kushoto

Judy, meneja wa kituo cha televisheni pale Kitengela, alikuwa amesema bila kupindapinda: ibada ya shukrani kutoka Kajiado ikiruka hewani salama, Soipan ndiye fundi mkuu wa sauti. Ikiharibika, atatafutwa mwingine.

Basi ikaharibika.

Sauti ilitoka Kajiado imefungwa pamoja, chaneli sita ndani ya mkondo mmoja, na mtambo wa Soipan pale kituoni ndio ulioifungua. Kwaya ilisikika tamu. Askofu aliposimama kuhubiri, kwaya ikiendelea kuimba chini chini, kipimo cha chaneli ya katikati, ile inayobeba maneno, kikalala kabisa. Simu ya kwanza ilitoka Noonkopir, kwa mama yake.

"Soipan, mbona askofu amekuwa bubu?"

"Naishughulikia, yeyo."

Akampigia Muthama, aliyekuwa kwenye meza ya sauti huko Kajiado. Muthama huyu ndiye aliyemfundisha kazi miaka mitatu, tena kila Jumapili jioni alikula kwa mama Soipan mpaka akawa na kikombe chake pale.

"Huku iko sawa kabisa, dada. Ni mashine yako. Zima, uwashe tena."

Akazima bila kuuliza mara mbili. Watazamaji wakakosa hata kwaya kwa dakika nzima, kisha sauti ikarudi, askofu bado bubu. Judy akaja kusimama nyuma ya kiti chake, mikono kifuani.

"Niko na dakika tano tu za kukuvumilia."

Soipan akavaa vipokea sauti, akaanza kusikiliza chaneli moja moja. Muthama alizoea kumcheka kwa hilo. "Za nyuma ni makofi tu," angesema, "nani husikiliza?" Kushoto na kulia, kwaya. Katikati, kimya. Nyuma kulia, watoto wakilia. Nyuma kushoto kulikuwa na maiki ambayo Muthama mwenyewe aliisimamisha kando ya meza yake. Humo askofu alisikika vizuri kutoka spika za hema, na karibu zaidi, Muthama akiongea kwa simu.

"Nimeizima ya katikati, ndiyo. Hawezi kujua, huyo ananiamini sana. Ambia shemeji Celine alete barua ya kuomba nafasi yake kesho."

Machozi yalimjia kabla ya hasira. Hata hivyo akampigia tena, akitamani angalau safari hii amwambie ukweli.

"Muthama, hebu angalia ya katikati tena."

"Dada, kweli naweza kukudanganya?"

Jibu lilimfikia mara mbili: kwa simu, halafu sekunde chache baadaye, masikioni, kutoka chaneli ya nyuma.

Soipan akakata simu. Maiki iliyokuwa na askofu ilikuwa hiyo moja tu, na aliyekaa kando yake ni Muthama. Akaihamishia katikati, akapandisha sauti.

Askofu akasikika kaunti nzima. Judy akashusha pumzi. Kisha, juu ya mahubiri, sauti nyingine: "Amenipigia tena, mjinga huyu. Wacha ahangaike, leo Judy anamfuta kazi."

Judy akageuka taratibu kumtazama Soipan. Simu ikalia.

"Askofu amerudi, ashe oleng, asante sana," mama alisema. "Lakini huyo anayetaka ufutwe, si ni Muthama wetu?"

Soipan akavua vipokea sauti, akavilaza mezani.

"Na mimi nimeshamwekea chapati zake hapa."