Mwanamke wa Beti ya Pili

Jumamosi saa nne asubuhi umeme ulirudi mtaani Katuba, na Numbi akatoka nje kukung'uta kitambaa alichofutia vumbi jekundu kwenye mashine za studio. Ndipo alipomkuta mwanamke kwenye benchi la barazani. Alikuwa na nyonga, mapaja na mgongo uliopinda vizuri. Juu ya shingo alikuwa na kichwa laini kama mgongo wa kijiko, kisicho na macho, pua wala mdomo. Masikio alikuwa nayo, kwa sababu wimbo ulitaja hereni.

Numbi alimtambua mara moja. Alikuwa yule wa beti ya pili, katika wimbo mpya ambao rapa Stéphane alirekodi pale jana yake.

"Jambo, mama," alimsalimia. Kisha akakumbuka kwamba hana mdomo wa kujibu, akamletea mto wa kukalia.

Mama Jeanne, jirani, alivuka ua kuja kutazama.

"Ule iko wa wimbo gani?"

"Ya Stéphane, mama. Ile mupya."

"Mawee! Mutoto ya watu hawezi kukaa vile pa mulango." Akaenda nyumbani, akarudi na kitenge, akamfunga kiunoni.

Studio yenyewe ilikuwa chumba cha marehemu baba yake Numbi, fundi wa reli, na kuta zilikuwa zimebandikwa trei za mayai. Mapigo yote ya muziki yaliyotoka humo ni ya Numbi. Jamani, aliipenda rapu yule dada! Mama yake alipofariki, sala hazikumtoa kitandani; kilichomtoa ni ngoma nzito na sauti ya mtu anayesema bila kuomba ruhusa. Akiwa na miaka kumi na saba alipanda jukwaani katika ukumbi wa parokia, na wavulana wakapigia kelele matiti yake mpaka beti ikaisha bila neno moja kusikika. Tangu siku hiyo alikaa nyuma ya mashine. Kiitikio cha Stéphane alikuwa amekisafisha labda mara arobaini: "Mwanamuke ni kiatu, ikipasuka natupa, navaa ingine." Kila mara moyo ulimchoma, na kila mara kichwa kilitikisika kufuata pigo.

Stéphane alifika Jumatatu. Alimtazama mwanamke wa barazani kuanzia shingoni kwenda chini.

"Njo vile naliwaza," akasema, ameridhika kwamba ndivyo hasa alivyomwazia.

"Hana kinywa, Stéphane. Siku tatu hajakula. Mutie kinywa mu couplet ya pili, mistari mbili tu."

"Yaya Numbi," akajibu, kama mtu anavyomwita dada yake mkubwa, "couplet iko na mistari kumi na sita. Tano ni ya mabanga. Nitoe Patron Casimir wa Mokambo, nitie kinywa?"

Mabanga ni yale majina ya wakubwa ambayo msanii huyarusha ndani ya wimbo, nao humtunza pesa. Patron Casimir alikuwa ametajwa mara mbili, mara ya pili pamoja na malori yake. Mwanamke hakuwa na jina.

Jumatano nyonga zilianza kupungua. Numbi alijaribu kummiminia maji taratibu mahali ambapo mdomo ungekuwa, yakateremka kifuani yakalowesha kitenge. Ijumaa zilionekana mbavu, ambazo hakuna mstari uliozitaja. Stéphane alipopita aliziona, akakasirika kidogo.

"Yaya, unamunyima bukari? Clip ya video tutafanya naye namna gani?"

Alipoondoka, Numbi alifunga mlango na kusimama mbele ya maikrofoni. Ilikuwa miaka kumi na minne tangu ile siku ya parokia. Aliongeza mistari minane mwishoni mwa wimbo. Hakusifu kitu. Alitaja macho mawili, pua, mdomo, meno, ulimi, koo na tumbo. Alitaja jina, Syntiche. Maneno ya kusema hakumpa, kwa makusudi. Hayo alitaka ajichagulie mwenyewe.

Alipotoka nje, Syntiche alikuwa anapepesa macho kwa sababu ya jua. Alikunywa vikombe vitatu vya maji. Akala ugali wa bukari na sombe ya majani ya muhogo, akafuta sahani kwa kidole. Numbi aliketi chini mbele yake, machozi yanamtoka kwa furaha. Miaka yote hiyo alikuwa akingoja kitu kimoja tu, mmoja wa wanawake wa nyimbo afungue mdomo.

"Sasa sema, mama. Kintu yote unataka. Miye nasikia."

Syntiche alipangusa mdomo kwa pindo la kitenge. Akavuta pumzi.

"Mwanamuke ni kiatu," akaanza, "ikipasuka natupa, navaa ingine."

Hayo ndiyo maneno aliyokuwa ameyasikia wiki nzima kupitia mlangoni. Aliyarudia mara nne, kama kiitikio kinavyotaka. Aliingia kwenye pigo barabara kuliko Stéphane mwenyewe, na sauti yake ilikuwa nzito na nzuri. Numbi aliona aibu. Kichwa chake kilikuwa kinatikisika.

Kesho yake Stéphane alimsikia, akapiga makofi. "Njo choriste nalikuwa natafuta, wa kuitikia!" Mistari minane ya Numbi aliisifu pia, kisha akaiondoa, maana Patron Casimir alikuwa na mdogo wake huko Kasenga, mfanyabiashara wa samaki, naye alitaka kutajwa. Numbi aliihifadhi kwenye flash, akaificha ndani ya Biblia ya baba yake, Syntiche asije akapoteza mdomo.

Wimbo ulipigwa kwenye mabasi yote, kuanzia Katuba mpaka Karavia, na wanawake waliuimba wakifua nguo. Syntiche alipewa chumba kwa Mama Jeanne. Asubuhi akiulizwa ameamkaje, alijibu kwa kiitikio kile kile, na watu wa ua wakazoea.

Mwezi uliofuata Stéphane alileta wimbo mwingine. Numbi alimtengenezea pigo, bora kuliko yote aliyowahi kutengeneza, na yeye mwenyewe alilijua hilo. Syntiche alisimama kando akingoja zamu yake. Numbi akabonyeza kitufe chekundu. Stéphane alipoingia beti ya pili, Numbi alimwona Mama Jeanne kupitia dirishani, anavuka ua kuelekea benchi la barazani, kitenge mkononi. Hakusimamisha mashine, rekodi ilikuwa inaingia vizuri.