Kabla ya Wimbo wa Saba

Mdogo wangu alichelewa kuongea, na alipoanza alianza na kigugumizi. Yeye alikuwa na miaka minne, mimi saba. Tangu hapo nikawa mdomo wake. Tukitumwa dukani tulitumwa wawili: yeye abebe, mimi niseme. Alipoanza shule, mwalimu akimuuliza swali, wenzake walikuja mbio darasani kwetu kuniita. Mtaani wakatubatiza Mdomo na Mwenye Mdomo, na wala hatukukasirika. Ilikuwa kweli.

Ila akiimba, kigugumizi chote kinapotea. Maneno yanateleza utadhani yamepakwa mafuta.

Alipokua akawa fundi wa kupaka magari rangi, mimi fundi cherehani. Bendi yetu ilizaliwa kwenye gereji yake, Jumapili, katikati ya milango iliyong'olewa na makopo ya rangi. Yeye aliimba na kupiga gitaa. Kinyozi wa jirani alishika besi, mwalimu wa hesabu gitaa la pili. Mimi nilikaa kwenye ngoma, kwa kuwa mguu wangu ulishazoea pedali ya cherehani. Muziki wetu ulikuwa wa mbio: gitaa linakwaruza kama msasa juu ya bati, lakini ndani ya kelele hiyo kuna wimbo mtamu, na kiitikio cha sauti tatu ambacho ukikisikia asubuhi unashinda nacho kutwa. Hakuna wimbo uliozidi dakika tatu. "Ukizidi hapo," kinyozi alikuwa akisema, "mteja anasinzia kwenye kiti."

Baada ya miaka sita tulikuwa na nyimbo kumi na moja, na jina la albamu: *Rangi Mbichi*. Tukaomba ruhusa ya siku tatu makazini kwetu, tukaenda kurekodi.

Studio yenyewe ilikuwa chumba cha nyuma katika duka la vitanda, kuta zote zimeegemezwa magodoro ili sauti isivuje. Mwenye mitambo alikuwa mama mmoja wa makamo, mpole, miwani yake imefungwa kwa uzi. Tulimwita Mama Mitambo. Alikuwa haongei mpaka kuwe na jambo.

Siku ya pili tukafika wimbo wa saba. Taa nyekundu ikawaka. Mdogo wangu akaisogelea maikrofoni, na badala ya kuanza kupiga, akasema:

"Huu wimbo ni wa m-m-m..."

"Wa mama," nikadakia kutoka nyuma ya ngoma. Nikagonga vijiti, moja, mbili, tatu, nne, tukauanza.

Tuliupiga vizuri kuliko siku zote. Tulipousikiliza, Mama Mitambo akaitikia kwa kichwa taratibu. "Huu ndio wenyewe. Msirudie."

Kinyozi na mwalimu wakagongeana viganja kwa furaha. Mdogo wangu akaweka gitaa chini, akatoka nje. Nikajua ni aibu ya kigugumizi.

"Mama, yale maneno ya mwanzo naomba uyakate," nikasema. "Asije akaaibika."

Akaniangalia juu ya miwani. "Mwenye maneno kasema yakatwe?"

Nikamfuata. Alikuwa amekaa juu ya kitanda kisicho na godoro, mbele ya duka, anachokoa rangi ya bluu iliyogandia kwenye kucha.

"Usijali," nikamwambia. "Nimeshasema yakatwe."

"Si wa m-mama."

"Nini?"

"Wimbo. Si wa mama."

Nilishangaa. Wimbo ule ulimhusu mtu anayetangulia njiani, anabisha hodi kwenye kila mlango ili mwenzake akifika aukute wazi. Miaka miwili niliupigia ngoma nikijua fika ni mama yetu.

"Ni wa nani basi?"

Akafungua kinywa. Neno likakwama. Mimi, kama kawaida yangu, nilishakuwa na la kumpa. "Wa mchumba wako?"

Akatikisa kichwa.

"Wa mwalimu?"

Akafumba macho, akapiga goti lake kwa ngumi.

"Dada. U-unanimalizia. Kila siku unanimalizia. Na kwa kuwa mara nyingi unapatia, si-sijawahi kukwambia." Akavuta pumzi. "Leo umekosea."

Nilijisikia kama mtu aliyegundua kwamba miaka yote amekuwa akifungua barua za mwenzake, kwa nia njema kabisa. Nilitaka kuomba radhi. Nikaogopa kwamba hata radhi yenyewe ingekuwa namna nyingine ya kuongea mimi.

"Turudie," akasema. "Nitasema mwenyewe. Wewe unyamaze."

Tukarudi ndani. Mama Mitambo akawasha taa.

"Huu wimbo ni wa m..."

Kimya.

Nikabana vijiti katikati ya magoti. Kinyozi akaangalia dari. Koo langu lilijaa maneno yanayoanza na m, yanasukumana kama watu mlangoni, nikayameza moja moja. Mwalimu, ambaye hawezi kuona kitu asikihesabu, alituambia baadaye kwamba zilikuwa sekunde kumi na tisa. Kwangu zilikuwa utoto wetu wote.

"...wa mdomo wangu," akasema. "Wa dada."

Nilitakiwa kuhesabu hadi nne. Nilifika mbili, vijiti vikapotea machoni.

"Dada, angalia," kinyozi akanong'ona, "ngoma hazitaki maji."

Mdogo wangu hakunisubiri. Akaanza na gitaa peke yake, akaimba ubeti mzima akiwa amenigeukia, na mimi nikaingia kwenye kiitikio, nimechelewa na pua imejaa. Ule wa kwanza ulikuwa safi zaidi, kila mtu alikubali. Lakini huu ndio uliobaki kwenye albamu, na sekunde zake kumi na tisa, hazikuguswa.

Albamu ilipotoka, watu waliipenda kuliko tulivyotegemea. Redio ikatuita. Mtangazaji alikuwa kijana mchangamfu, asiyependa ukimya hewani hata chembe.

"Hebu tuambie," akamuuliza mdogo wangu, "jina *Rangi Mbichi* lilitoka wapi?"

"Li-li-li..."

Mtangazaji akanigeukia, macho yakiniomba msaada. Nikachukua glasi ya maji, nikanywa polepole, funda kwa funda.

"Lilikuwa kwenye kibao," mdogo wangu akasema hatimaye. "Pale gereji. 'Rangi mbichi, usiguse.' Tulikosa jina, tu-tukaangalia ukutani."

Mtangazaji akacheka mpaka akagonga meza.

Tukarudi nyumbani kwa miguu, sisi wawili. Mdogo wangu aliongea njia nzima: kiti cha mtangazaji kinavyozunguka, besi ilivyosikika ndogo, wimbo ambao angeupiga tofauti, kisha tena kiti. Alikwama, akanasuka, akaendelea. Tulipofika kona ya kwetu masikio yangu yalikuwa yamechoka, nikamwambia, mwanaume, hebu nyamaza kidogo.

Akacheka, akaendelea.