Hori Lisilojua Sabuni

"Angalia kidole yangu," Paulin alisema, akakiweka nyuma ya bilauri. "Unakiona?"

Annonciata aliinama kutazama. Kidole hakikuonekana. Pombe yake ya ndizi ilikuwa imeijaza bilauri nzima, rangi ya chai ya maziwa, na chenga za mtama uliokaangwa zilipanda na kushuka ndani yake bila haraka yoyote.

"Sasa angalia na hii." Akachukua bilauri ya pili, akaweka kidole kilekile, nacho kikaonekana chote, hadi ukucha wake mchafu. "Ya Nzabonimpa wa Birere. Anaichuja na kitambaa, anatia sukari, anatia mayi. Bakliya benye kunywa hapa banaipenda. Na bei yako moja, mama, inanunua zake mbili."

"Yake ni mayi yenye ilipita karibu na ndizi."

"Iko mayi, sikatae. Lakini mutu mwenye kulala njaa anataka kulewa kwa bei kidogo. Na kuna benye banasema yako iko chafu. Banaona vitu vinaogelea ndani."

Paulin angemwambia kwamba pombe yake ni ghali, Annonciata angecheka. Alikuwa amezoea. Ndizi za Masisi zilikuwa haziji tena tangu waasi wafunge barabara ya Sake, na zile chache zilizovuka ziwa kwa mashua ziliuzwa kama dawa. Lakini chafu! Neno hilo lilimwingia mwilini likakaa. Mwanamke aliyekaanga mtama wake punje kwa punje, aliyefunika pombe yake kwa majani mabichi kama mtu anavyomfunika mtoto mwenye homa, aambiwe chafu na mwenye nganda, kilabu cha pombe, ambaye bilauri zake huoshwa kwa mate na shati.

Paulin hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mfanyabiashara tu, na ukuta wa nganda yake pale Majengo, mjini Goma, ulikuwa na nyufa za kutosha kumfanya afikirie kila kitu mara mbili. Alimsogezea kiti.

"Sikia. Siku ya mungu kuna batu ba Masisi banakuja hapa kunywa mahari. Muzee Onésime anaoza mutoto ya dada yake. Ameomba ile nzito, ya kunywa na mirija, sawa kwenye milima. Akiipenda, nitaendelea na wewe, kwa bei yako. Akiiacha, usinikasirikie. Nitabaki na Nzabonimpa peke yake."

"Ataipenda," Annonciata alisema.

Nganda nyingine zote zilikuwa zimekwisha kumwacha. Ilibaki hii.

*

Huko Masisi mahari hayanywewi kwa bilauri. Chungu kimoja huwekwa katikati, mirija inachomekwa, na mjomba wa bibi harusi ndiye anayevuta kwanza. Akivuta akameza, akavuta tena, maneno yanaendelea. Akiuachia mrija bila kusema kitu, upande wa bwana harusi hurudi kwao na chungu chao, na aibu yao. Kupeleka pombe iliyochujwa ni sawa na kupeleka mbuzi aliyetolewa utumbo: watu watajiuliza umewaficha nini.

Na pombe hiyo hupatikana katika hori. Hori la Annonciata lilichongwa kwa shina moja la mti, refu kama kitanda cha mtoto, jeusi ndani kwa miaka ya ndizi. Lilikuwa la mama yake, na kabla yake la bibi yake. Halikujua sabuni. Lilisuuzwa kwa maji ya ndizi yenyewe, kisha likafunikwa, kwa sababu kilichoichachusha pombe kilikuwa kinaishi mle mle ndani ya mbao, na kila nyumba ilikuwa na chake. Mama yake alikuwa akiweka sikio kwenye ubavu wa hori asubuhi na kusema, "Imeamka." Nawe ukiweka la kwako ulisikia: minong'ono, kama watu wengi wanaozungumza chumba cha pili.

Jioni ile mlima ulipomwaga moto, mwaka wa elfu mbili na ishirini na moja, mumewe alisimama katikati ya nyumba yao upande wa Munigi, chukudu, baiskeli yake ya mbao ya kubebea mizigo, mlangoni, mbingu nyekundu nyuma yake, akauliza, "Hori ama godoro?"

Walichukua hori. Watu waliokimbia na televisheni kichwani waliwacheka njia nzima. Nyumba ililala chini ya jiwe jeusi pamoja na godoro, sufuria na picha ya ndoa, na mumewe akafa mwaka uliofuata kwa kifua, akilala juu ya mkeka. Hakuwahi kulalamika juu ya godoro. Annonciata alilikumbuka godoro hilo mara nyingi kuliko alivyopenda.

*

Siku ya kukamua, Héritière alikuwa nyumbani. Binti huyu alikuwa amepata kazi kwenye kambi ya wakimbizi huko juu Munigi, kazi ya kunyunyiza klori vyooni na kwenye mabomba ya maji kwa sababu ya kipindupindu, na alirudi kila jioni akinuka hospitali. Aliipenda kazi yake. Alikuwa amewaona watu wakifa kwa maji, na sasa aliosha kila kitu, hata mayai.

Ndizi zilikuwa tayari. Huko kwao Masisi huivishwa ndani ya shimo, lakini Goma hakuna anayechimba shimo, ardhi ni jiwe tupu. Annonciata aliziivisha ndani ya pipa la mafuta, moto mdogo chini yake, usiku na mchana. Zilikuwa laini na zenye madoa, tamu mno. Majani ya kukamulia yalikuwa yamefungwa mafungu mlangoni. Hori lilikuwa uani, limefunuliwa.

"Mama," Héritière alisema, ndoo mkononi, "acha nikuoshee hori leo. Kidogo tu. Ni bageni ba mahari. Banaweza kusema."

Alikuwa amelisema hilo mara nyingi, na mara zote jibu lilikuwa moja: uende ukaoshe miguu yako. Leo Annonciata alifungua kinywa kulisema, akauona ule ukucha wa Paulin nyuma ya bilauri. Akaona chenga zikiogelea. Akatazama weusi wa ndani ya hori, weusi aliouona kila siku ya maisha yake, na kwa mara ya kwanza ulimwonekea kama uchafu.

"Osha," alisema.

Héritière alishangaa, kisha akafurahi sana. Alipandisha mikono ya blauzi akasugua kwa moyo wake wote, kwa klori na sabuni na brashi ya waya, akiimba. Maji yalitoka meusi, halafu ya kahawia, halafu meupe. Mbao zilikuwa na rangi ya asali chini ya weusi ule; Annonciata hakuwa amejua. Hori lilipendeza. Alijiambia hivyo mara kadhaa huku akizikanda ndizi kwa majani, maji yake matamu yakitiririka ndani, huku akinyunyiza unga wa mtama na kufunika. Lilipendeza kweli.

Kesho yake asubuhi akapiga magoti, akaweka sikio.

Hakuna.

Akabadilisha upande. Akafunua pembe moja ya majani. Maji ya ndizi yalikuwa yametulia kama jana yake, mtama umezama chini, na juu yake ilipanda ile harufu ya kambini. Alichovya kidole akaonja. Utamu mtupu, kama kitu ambacho hakijawahi kusikia habari za pombe. Alibaki amepiga magoti pale hata magoti yakamuuma juu ya mawe. Alijua alichofanya. Hakikuwa kimelala kile kilichokuwa ndani ya mbao. Kilikuwa kimekufa, na ni yeye aliyesema osha.

"Mama, kuna nini?" Héritière aliuliza kutoka mlangoni, amevaa tayari sare yake.

"Hakuna kitu. Enda kwa kazi."

*

Nzabonimpa alikuwa mtu mnene, mcheshi, mwenye kiwanda cha uani pale Birere, nyuma ya maduka ya vitenge. Vitambaa vyake vya kuchujia vilining'inia kwenye kamba, vikidondosha uji mzito wa machicha ndani ya mfereji. Annonciata aliutazama uji ule ukienda zake na maji machafu. Ulikuwa unatoa mapovu. Ulikuwa hai.

"Mama Héritière!" Nzabonimpa aliita. "Umekuja kupeleleza ama kunisalimia?"

"Nimekuja kuomba machicha."

Alidhani anataniwa. "Machicha? Ya ngurube?"

"Yangu imekataa kuamka."

Nzabonimpa aliacha kucheka. Kila mpishi wa pombe anajua maana ya maneno hayo, hata yule anayetia maji. Hakuuliza zaidi. Aliijaza bidoni ndogo, dumu la plastiki, hadi shingoni, akaifunga kwa jani, akamkabidhi kwa mikono miwili kama mtu anayetoa rambirambi.

"Chukua tu, mama. Mimi naitupaka kila siku. Ukitaka tena, kuja."

Huo wema ulimwumiza kuliko kama angefukuzwa. Alirudi nyumbani Majengo na bidoni juu ya mgongo, kamba ikikaza paji la uso, na njiani machicha yalikuwa yakinong'ona nyuma ya shingo yake. Sauti haikuwa ile. Lakini ilikuwa sauti.

Aliyatoa maji ya ndizi kutoka kwenye hori, akayagawa ndani ya bidoni za plastiki, akayatia machicha ya Nzabonimpa na mtama mpya. Mchana wa Jumamosi bidoni zilikuwa zimevimba na kuchemka. Alionja. Ilikuwa pombe nzuri. Nzito, kali, yenye ladha ya mtama mbele ya ulimi. Ila nyuma, pale ambapo ya mama yake ilikuwa na ule uchungu mdogo wa moshi unaokuja baada ya kumeza, kama mtu aliyesahau kitu akarudi mlangoni, hapakuwa na mtu. Alionja tena, akiomba. Hapakuwa na mtu.

*

Jumapili Muzee Onésime alikuja kwa Paulin na koti lililopigwa pasi kwa kukaliwa. Alikuwa na ng'ombe zamani, kwenye kilima ambacho sasa waasi walikuwa wamepiga kambi. Yeye aliishi chini ya turubai huko juu Munigi, na bibi harusi, Valérie, alikuwa amevalia kwenye turubai la jirani. Mahari yenyewe yalikuwa ya maneno zaidi, kwani ng'ombe walikwisha kuliwa na watu ambao hawakuwaomba. Ndiyo maana ile pombe ilikuwa na uzito wake. Kilichobaki cha desturi yote kilikuwa ndani ya chungu hicho.

Paulin alisimama karibu na kaunta, mikono kifuani. Annonciata alisimama nyuma ya mlango wa jikoni, na moyo wake ulikuwa ukitaka vitu viwili visivyokaa pamoja. Alitaka mzee ameze, kwa maana bila Paulin hapakuwa na unga wala kodi. Na alitaka, kwa nguvu iliyomtisha, mzee auachie mrija. Auachie, aseme kwa sauti: hii si ya nyumba ile. Basi ingekuwa kweli kwamba kulikuwa na nyumba yenye ladha yake, na kwamba bei aliyoidai miaka yote ilikuwa ya kitu.

Onésime aliinama. Akavuta. Akafumba macho.

Watu wakasogea karibu. Alivuta tena, taratibu, mashavu yakiingia ndani, na machozi yakamtoka mzee yule bila yeye kuyajali.

"Njo yenyewe hii," alisema. "Njo hii ya kwetu."

Watu wakapiga makofi. Wanawake wakapiga vigelegele. Onésime alimtafuta mpishi kwa macho, akamwona mlangoni, akamwita kwa mkono, akaushika wa kwake.

"Mama, miaka ndani ya kambi, nilikuwa naogopa. Nilisema ulimi imesahau." Alitabasamu, midomo yake ikiwa na mtama. "Kumbe haiyasahau."

Annonciata alifungua kinywa. Aliutazama uso ule uliojaa furaha, akakifunga.

"Karibu, muzee," alisema. "Kunywa."

Nyuma yake Paulin alikuwa akicheka na wateja. Kijana mmoja alikataa chupa ya Nzabonimpa akaomba ile nzito, akalipa bei ya Annonciata bila kupunguziwa. "Iko na haki yake," kijana alisema, akijilamba. "Inaonekana kwa mudomo." Paulin alimkonyeza Annonciata. "Wiki yenye kuja lete mara mbili, mama. Na bei, unaweza kuongeza kidogo."

*

Asubuhi ya Jumatatu Annonciata alikwenda Birere na kurudi. Aliweka bidoni ya machicha kivulini, karibu na zile za plastiki zilizokuwa zikingoja. Mabomu yalisikika mbali upande wa Sake. Hakuna aliyeinua kichwa. Héritière alikuwa akifunga sare yake chafu kwenye fundo, apeleke ziwani kufua.

"Usiende mpaka huko," Annonciata alisema. "Lete hapa."

Aliivuta ile sare kutoka mkononi mwa binti yake, akaitia ndani ya hori. Akamimina maji. Akachukua kipande cha sabuni.

"Mama," Héritière alisema. Alimtazama mama yake, akazitazama mbao zenye rangi ya asali, na rangi ikamtoka usoni polepole, kama mtu anayesikia jina lake likitajwa mahali asipotaka kuwa.

"Lete na mashuka," Annonciata alisema. "Nafasi iko."

Alisugua. Povu lilipanda, jeupe, likaujaza upana wote wa hori hadi ukingoni, likaanza kupasuka kidogo kidogo kwa sauti nyembamba ya minong'ono. Mikono yake ikasimama ndani ya maji. Aliinama taratibu, akaegemeza sikio kwenye ubavu wa hori, na Héritière, mashuka mikononi, hakuthubutu kusogea.